Kucha Mbili za Mrushaji

Kila asubuhi mtengeneza kucha alianza na taulo. Alilikunja mara tatu, akaliweka juu ya meza yake karibu na dirisha, akapanga tupa za kucha kuanzia ile kali hadi ile laini, kisha akajaza bakuli maji ya uvuguvugu. Wateja walimwita Fundi. Hakuwa na maneno mengi. Kazi ya kushika mikono ya watu ilimruhusu kukaa nao karibu bila kuwatazama usoni.

Jumamosi hiyo saluni ilifurika. Vikaushio vya nywele vilivuma, msusi alikuwa akisimulia ndoa ya watu, mvua ikipiga kioo. Bakuli halijajaa, mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume mrefu aliyevaa suti ya michezo ya kijivu iliyochakaa magotini. Alipita katikati ya wanawake wale kama mtu anayevuka mto asioujua kina, akaketi mbele ya Fundi na kuweka mkono wa kulia juu ya taulo.

"Naomba kucha mbili tu," alisema. "Ya kidole cha shahada na ya kidole cha kati."

"Na hizo nyingine umemwachia nani?" msusi aliuliza, vicheko vikapasuka. Kuanzia siku hiyo akaitwa Bwana Kucha.

"Rangi gani, kaka?" Fundi aliuliza akijizuia asicheke.

"Sitaki rangi. Nataka zishike mpira."

Akamweleza. Alikuwa mrushaji wa besiboli, yule anayemrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Zamani alirusha mpira wa kasi ambao wapigaji waliusikia kabla ya kuuona, mpaka bega likachanika. Kocha wake akamwambia bado iko njia moja: mpira usiozunguka. Unaukwaruza kwa kucha mbili chini kidogo ya mshono, kidole gumba na cha pete vinaushikilia pembeni, kifundo cha mkono unakikaza, halafu unausukuma badala ya kuufyatua. Usipozunguka, upepo unauchezea kwenye mishono nao unayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.

"Kucha ikiwa ndefu inavunjika," alisema. "Ikiwa fupi, nyama ya kidole inagusa mpira, unazunguka. Ukizunguka, mimi sina kazi."

Fundi alitoa punje ya mchele kwenye kisahani, akailaza kwenye ncha ya kidole chake. "Nusu ya upana huu?"

Mrushaji aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali zuri kama lile.

Akawa anarudi kila Jumamosi. Punde wakawa wanakutana jioni pia, kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda cha matofali, yeye na glavu yake, Fundi na gauni lake la kijani ambalo halikufaa kudakia mpira. Fundi ndiye aliyegundua kutia nukta moja ya rangi nyekundu ya kucha kwenye mpira. Nukta ikitulia safari nzima, mpira haukuzunguka. Ikigeuka mstari mwekundu, umezunguka.

"Mstari," Fundi alisema, akiuokota.

"Hiyo ilikuwa nukta, mpenzi."

"Mstari. Usinihonge kwa neno mpenzi."

Usiku Fundi alimpigia simu. "Leo umehesabu nukta ngapi?"

"Kumi na tisa kati ya hamsini. Uliharibu umakini wangu kwa kuniita Bwana Kucha wakati narusha."

"Sema kweli, hujui unakokwenda mpira wako."

"Hata mimi sijui. Ndio uzuri wake. Fundi, ukinishika mkono Jumamosi, huwa nakwenda nyumbani nikiwa sijui nitembee vipi."

Fundi alitamani kumjibu. Akasema tu, "Lala salama, kaka," akakata simu, akakaa kitandani na uso moto, akijilaumu.

Mwezi wa tano tangu aanze kuja saluni, ikaja habari. Timu ya mji wa mbali ilitaka kumwona mrushaji Jumapili iliyofuata. Wakimpenda, angeondoka wiki hiyohiyo, kwa mkataba wa miaka miwili.

"Unasemaje?" mrushaji alimwuliza Fundi, wamesimama chini ya kibanda cha uwanjani, matone yakidondoka baina yao.

Mrushaji alitaka kuambiwa neno moja tu. Fundi alitaka kulisema. Kilichotoka ni, "Ni bahati. Nenda."

Mrushaji akaitikia kwa kichwa, akauokota mpira.

Jumamosi mkono ulikuwa juu ya taulo kama kawaida. Msusi alitania, "Shemeji, ukifika huko usitusahau, na kucha zisitusahau." Watu wakacheka. Fundi alikwangua kidogo, akapima kwa punje, zikawa sawa. Angeweka tupa chini. Hakuiweka. Akakwangua tena mara mbili, tatu, nne, akitazama vumbi jeupe likianguka kwenye taulo, na mrushaji alikuwa akitazama mvua dirishani, kwa sababu mkono ule alimwachia kabisa.

"Tayari," Fundi alisema.

Jumapili saa nane simu ililia.

"Zilikuwa fupi." Sauti ya mrushaji ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Nilizigundua nikiwa uwanjani, mpira umeshafika mkononi. Mipira yote ilizunguka. Mpigaji wa kwanza aliupeleka nje ya ukuta, wa pili vilevile. Mwamuzi mwenyewe alinionea huruma."

Fundi aliibana simu sikioni.

"Miezi mitano nakueleza upana wa punje. Siku moja tu ilikuwa na maana. Uliwaza nini?"

Angeweza kusema pale pale. "Nilipitiwa," alijibu.

"Ulipitiwa. Kumbe kwako nilikuwa mteja tu, kucha mbili. Hakuna neno. Asante kwa kazi."

Hakurudi. Jumamosi zikapita na kiti kile kikakaliwa na wengine. Mrushaji alipata kazi ya kupakua saruji ghalani, akaacha kupita barabara ya saluni. Alipomwona mwanamke wa gauni la kijani alivuka upande wa pili. Fundi naye aliacha punje kwenye kisahani hadi ikabadilika rangi. Mama mwenye saluni aliona, akasema tu, "Mwanangu, usoni umepauka. Kama kuna la kusema, kaseme, kinywa hakiozi kwa kusema ukweli." Fundi alitabasamu, akaendelea kukunja taulo.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi ya mvua nyingine, mlango ukafunguliwa saluni ikiwa bado tupu. Alikuwa mrushaji, amekonda. Mikono yake ilikuwa na ngozi kavu ya saruji, lakini kucha mbili zilikuwa ndefu, moja imepasuka ncha.

"Kocha ameiomba ile timu inione tena kesho," alisema bila kukaa. "Nimejaribu kuzikata mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nimevunja moja. Sina pengine pa kwenda."

"Keti."

Aliweka mkono juu ya taulo. Fundi hakugusa tupa.

"Kabla sijakushika," alisema, akitazama kile kidole, "sikupitiwa."

"Nini?"

"Siku ile. Zilikuwa sawa. Nikaendelea kukwangua. Nilijua ninachofanya." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ukitaka kutoa mkono wako, utoe. Nitakuelewa."

Mrushaji aliuwaza mpira ukipita juu ya ukuta, akazikumbuka siku zote alizovuka barabara. Hasira ilimjia, ikamkaa kifuani, haikuondoka.

"Kwa nini?" aliuliza.

Fundi aliangalia kama mkono utaondoka. Mkono haukutolewa. Basi akaitwaa tupa laini. Alifanya kazi polepole kuliko siku zote, akalainisha ule ufa hadi ukaisha, akatafuta punje mpya jikoni, akapima, akapima tena. Akamkabidhi mpira wake wa zamani wenye nukta nyekundu iliyofifia. Kucha zikakwaruza ngozi ya mpira, zikashika.

"Zimeshika," mrushaji alisema. Akainuka. Akafika mlangoni, mvua ikamrukia kiatuni.

"Subiri," Fundi alisema, naye kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, bila kumshika mkono. "Sikutaka uende. Hata leo sitaki. Nakupenda, na nilikuwa naogopa kukwambia, ndiyo maana nikazikwangua kucha zako kupita kiasi. Sasa nenda ukarushe."