Maziwa ya Mwenye Kofia ya Kijani

Kila jioni akitoka shule, binti alipitia kiwanda cha maziwa kumsubiri mama yake, aliyefunga pakiti hapo. Mkurugenzi alikuwa na kofia za kijani za chama za kutosha wiki nzima, ila aibu hakuwa nayo hata ya siku moja. "Sisi wa kijani ni waaminifu," alipenda kuhubiri. "Wezi wako kwa wale wa bluu." Binti wa darasa la sita alimwamini, naye akapewa kofia.

Jioni moja alimkuta mama akifuta tarehe kwenye pakiti zilizorudishwa na maduka, ili zipigwe mhuri mpya.

"Mama, hayo si yamepitwa na muda?"

"Nyamaza, mwanangu. Ni zawadi ya mkurugenzi kwa shule yenu kesho. Nikikataa, sina kazi."

Mdogo wake alikuwa darasa la kwanza shuleni hapo, na kwenye foleni ya vyakula hakuwahi kuwa wa mwisho. Binti aliogopa.

Asubuhi alimfuata mwalimu mkuu, aliyevaa kofia ileile. "Shikamoo, Mwalimu. Maziwa yale yasigawiwe, yameharibika."

"Marahaba. Mkurugenzi ni mwenzetu, mtoto wewe. Mwenzetu hakaguliwi."

Watu wazima wawili, akili moja, na hiyo nayo ya kuazima. Binti akachukua pakiti moja ya zawadi iliyokuwa mezani, akaichana, akamimina maziwa kwenye glasi ya mwalimu. Yalianguka mabonge, na ofisi nzima ikanuka. Mwalimu mkuu alivua kofia, akajipepea nayo, kisha akampigia simu bwana afya.

Mchana bwana afya aliingia kiwandani na glasi ileile.

"Hizi ni njama za bluu," mkurugenzi akabwata.

"Na haya mabonge ni ya chama gani?"

Mkurugenzi akawageukia wafanyakazi. "Basi hawa ndio wamekosea."

"Hatukukosea," mama akasema. "Nilifuta tarehe kwa amri yako, na ninaona haya."

Kiwanda kikafungwa. Mkurugenzi alipelekwa kituo cha polisi na kofia yake kichwani, utadhani ndiyo ingemjibia maswali.

Wakirudi nyumbani, binti aliuliza, "Kumbe wa bluu ndio wazuri?"

Mama akacheka kwa uchungu. "Akija wa bluu, maziwa yake uyanuse vilevile. Mtu akikuambia usimkague kwa sababu ni mwenzako, huyo ndiye wa kuanza naye."

"Na kazi yako, mama?"

"Kazi nitatafuta nyingine. Mdogo wako ningempata wapi mwingine?"