Sekunde Mbili za Selemani

Pi! Pi! Tuuu! Mlio ulipenya pazia la kanga, ukavuka uchochoro na kumkuta Najat anafunga kamba za viatu. Hakuhitaji kuambiwa nani anacheza. Vitufe vilipopigwa kwa pupa namna ile, mchezaji alikuwa kaka yake, Selemani, anajipasha vidole moto.

Najat alitoka mbio. Ulikuwa mwaka 1998, na chumba cha Mama Namelok ndicho kilichokuwa kivutio cha watoto wa Elerai. Upande mmoja mama huyo alishona sare za shule. Upande wa pili ilikaa televisheni na mashine ya gemu aliyoletewa kutoka Nairobi.

"Shikamoo, Mama Namelok."

"Marahaba. Ingia, mpima muda, wanakusubiri wewe."

"Leo usisinzie!" Lemayian, mpinzani mkubwa wa Selemani, alimtania mwenzake.

"Utasinzia wewe ukiona ninavyokupita," Selemani akamjibu, na chumba kizima kikacheka.

Ushindani ulikuwa huu: kumfikisha askari mdogo wa kwenye gemu hadi ndani ya ngome kwa muda mfupi kuliko wote. Mshindi angekwenda Ngaramtoni Jumamosi kupambana na vijana wa huko. Lemayian aliongoza kwa dakika kumi na moja na sekunde arobaini na mbili. Selemani alibakiwa na zamu moja tu.

Najat alishika saa ya kupimia muda aliyopewa na mjomba wake. Sheria aliijua: bonyeza askari anapopiga hatua ya kwanza, bonyeza tena mlango wa ngome unapofungwa nyuma yake.

Selemani alicheza kama aliyepagawa. Mashimo aliyaruka, moto akaukwepa. Basi watoto wa Elerai wana tabia moja: hushangilia bao mpira ukiwa bado hewani. Askari aliporuka kuelekea mlangoni, wote wakalipuka, "Kaingiaaa!" Kidole cha Najat kikabonyeza pamoja na kelele.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo. Askari alitua, akatembea hatua tatu, ndipo mlango ukafungwa.

"Ngapi?" Selemani aliuliza huku akihema.

Najat aliitazama saa. "Kumi na moja na arobaini."

Selemani alibebwa juu kwa juu. Lemayian alimpa mkono, akaondoka.

Wenzake walipotoka, Najat alikuwa bado amesimama palepale. "Mama Namelok," alisema, "nilibonyeza mapema. Nilifuata kelele."

Cherehani ikanyamaza. "Kwa nini hukusema?"

"Kaka atanichukia."

"Atanuna. Ila Lemayian amenyang'anywa kitu, naye bado kampa mkono aliyemnyang'anya."

Kesho yake Najat alisema mbele ya wote. Hakuacha neno.

"Dada gani wewe!" Selemani alifoka. "Sekunde mbili tu!"

"Na mimi nilishindwa kwa hizohizo mbili," alisema Lemayian. "Kaa ucheze tena. Sitaki kwenda Ngaramtoni watu wakininong'ona."

Selemani alikaa. Safari hii Najat aliwaomba wote wafunge midomo hadi mlango ufungwe. Kilichosikika ni vitufe tu. Mlango ukafungwa, akabonyeza.

"Kumi na moja na arobaini na tatu."

Sekunde moja! Selemani aliweka chini pedi ya gemu, akageukia ukuta ili wasimwone machozi.

Mama Namelok aliinuka, akamshika bega. "Mwanangu, nikimpima mteja nikapunguza vipimo kwa kumpenda, nguo itambana yeye mwenyewe. Jana tulikupa ushindi wa kelele zetu. Leo umepata muda wako wa kweli, na wewe ndiye pekee unayeweza kuupunguza. Nanyi wote, mkiaminiwa kupima, pimeni mnachokiona, si mnachokitamani."

Lemayian alisogea. "Sele, twende wote Ngaramtoni. Pale kwenye moto unanizidi, nifundishe."

Selemani alijifuta uso, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama dada yake.

Najat hakuinamisha macho. "Kaka," alisema kwa sauti iliyofika kila pembe ya chumba, "siku utakapomshinda Lemayian, nitakutajia muda ambao hakuna mtu atakayeubishia. Nakuahidi."