Korongo la Fanueli

Honi ililia mara tatu, kama ilivyolia kila Ijumaa tangu mwaka jana. Efrazia hakutoka. Alikuwa ndiyo kwanza ametua debe la maji, safari ya tatu tangu alfajiri, na shingo ilikuwa imekakamaa.

Fanueli aliliacha lori likinguruma uani, akaja mlangoni na kofia yake ya udereva.

"Efra! Leo hunisikii?"

"Nimekusikia. Kijiji kizima kimekusikia."

"Sasa mbona hutoki?"

"Nimechoka, Fanueli."

Mwanamke akisema amechoka bila kupandisha sauti, mwanamume mwenye akili huketi chini akasikiliza. Fanueli yeye alicheka, akatoa kifurushi mfukoni.

"Nimekuletea sabuni kutoka Lushoto."

"Ya kufulia kwa maji gani?"

Efrazia alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Chemchemi iliyowanywesha tangu enzi za bibi yake ilikuwa imelala chini ya tope jekundu. Kutoka barabara ya ukingoni hadi uani, magurudumu ya lori yalikuwa yamechimba mifereji miwili, na masika yakaifanya korongo la kumzamisha mtu hadi kiunoni. Fanueli alipoona korongo limekuwa baya, alifungua njia nyingine pembeni yake. Maharage ya mama yakaenda, kisha chemchemi ikafuata.

"Hii ni mvua, Efra."

"Mvua ilikuwepo hata kabla hujazaliwa. Lori ndilo halikuwepo."

"Nilikuwa nakuja kukuona wewe!"

"Najua. Ndiyo maana nimechoka hivi. Mama amesema posa imekwisha. Keshokutwa mshenga wako aje achukue maneno yake."

Fanueli aliweka sabuni juu ya jiwe, akaondoka. Lori lilipanda mlima likitoa moshi mweusi, na Efrazia akalia. Kitu kimoja hakuwa amemwambia mama, ingawa Fanueli alikijua. Pale juu, kwenye mpaka wa shamba, marehemu baba yake alikuwa amepanda mstari wa masale, na chini yake matete ya kushika udongo. Yangekuwepo, lori lisingepita pale. Aliyeyang'oa ni yeye Efrazia, kwa jembe, asubuhi mama akiwa kanisani, ili mchumba apite mlangoni na wasichana wenzake waone.

Jumamosi aliokota karatasi ya daftari, imekunjwa chini ya ile sabuni. Fanueli alikuwa amerudi kwa miguu, kimya kimya.

"Efra wangu, kesho nakuja mwenyewe na mshenga. Nitamwambia mama masale niliyang'oa mimi. Wewe nyamaza tu. Wako, F."

Aliisoma mara nne. Alitamani sana kunyamaza.

Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda bei, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari hayakuruhusiwa barabarani. Wageni walifika saa kumi kwa miguu, Fanueli na mzee Hezekia mshenga, suruali zimejaa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama Jenoveva, bila kuinua macho. "Kumbe unajua kutembea."

Mzee Hezekia alikohoa, akaanza maneno ya ushenga. Mama alimkatisha kwa adabu.

"Kaka, niache niulize. Lori la tani saba, la kijiji, lilishuka na kupanda mlima huu kila wiki, likinywa dizeli ya watu, kuja kumsabahi binti mmoja. Miguu ulikuwa umemwazima nani, mwanangu?"

"Nilitaka aone kuwa nampenda, mama."

"Tumeona. Hata kwenye maji tumeona."

Fanueli alivua kofia.

"Nisamehe, mama. Na masale ya marehemu, niliyang'oa mimi."

Efrazia alimtazama mtu yule akijibebesha mzigo usio wake, akahisi aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Mama, anadanganya. Niliyang'oa mimi. Nilitaka nionekane."

Mzee Hezekia aliangalia nje. Mama Jenoveva alihema.

"Ninajua. Gari huvunja masale, haliyang'oi na mizizi yake na kuyaficha migombani. Miezi mitatu nachota maji mtoni kwa magoti haya, nasubiri useme."

"Sasa posa, dada?" aliuliza mshenga, taratibu.

"Ikae hapo hapo. Maji yakitoka, wataoana. Yasipotoka, kila mtu na kwao."

Tangu hapo lori lilikaa juu barabarani, honi kimya, na Fanueli akashuka kwa miguu robo saa nzima. Yeye na Efrazia walibeba mawe. Walipanda matete kukinga korongo, mstari kwa mstari. Hakukuwa na mahaba ya kusimulia, mikono ilipasuka tu. Vuli ikaja, ikasomba nusu ya kazi.

"Tuache?" aliuliza Fanueli, ameketi kwenye tope.

"Tuache, twende wapi?"

Wakaanza upya.

Masika yaliyofuata, matete yalishika. Wiki ya Pasaka, mama aliona majani ya chini yameloa bila mvua. Akafukua kwa mikono, maji yakatoka, akaita.

Siku ya harusi madereva wenzake Fanueli walilipamba lori kwa maua.

"Lirudisheni," alisema Efrazia. "Nitatembea."

Alikwenda kanisani na kurudi kwa miguu, viatu mkononi, kwaya nyuma yake. Mlangoni mama Jenoveva aliwangoja na kibuyu, debe la maji ya chemchemi miguuni pake.

"Kunywa, mkwe wangu. Udongo umo bado kidogo."

Fanueli alikunywa mpaka mwisho. Efrazia akakichukua kibuyu kitupu, akamrudishia mama.

"Nichotee na mimi, mama. Udongo ule ni wetu wote wawili."

Mama akashika magoti, akainama, akachota tena.