Mzazi wa Kidoti

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Ghorofa ya juu kabisa, nje ya duka la vifaa vya shule, watu walikuwa wamesongamana na mifuko yao, maana muhula mpya ulikuwa unaanza na kila mtu alitaka kushuka kwa wakati mmoja.

"Jamani, tusisukumane!" sauti ya mwanamke ikapaa juu ya zogo. "Wenye watoto mbele, wenye mizigo nyuma, wenye hasira pembeni kidogo wapumue."

Watu wakacheka, kisha, ajabu, wakatii.

Fundi wa lifti, aliyekuwa amechutama na kichwa chake ndani ya kisanduku cha nyaya, aliangusha bisibisi. Sauti ile aliijua. Aligeuka akamwona mwenyewe: gauni la kijani la mikono mirefu, raba nyeupe, nywele zimefungwa kwa utepe wa kitambaa, mikononi maboksi mawili ya kalamu za rangi yaliyomfika kidevuni.

"Fundi, inapona au tuanze kuomboleza?" mwanamke akamuuliza.

"Inapona, dada. Ilitaka kubembelezwa tu."

"Basi ibembeleze haraka, mikono yangu inakatika."

Lifti ilipoamka, fundi alimpokea maboksi akashuka naye mpaka barabarani.

"Unafundisha?" aliuliza, kama mtu asiyejua.

"Darasa la kwanza. Ndiyo maana nimezoea kupanga watu mstari."

"Na mimi nimezoea kupandisha watu."

"Kupandisha tu?"

"Na kuwashusha salama."

Mwalimu alicheka hadi boksi moja likataka kumponyoka fundi. Wakapeana namba za simu. Fundi alitoa namba yake ya kazini, akaondoka mwepesi kama aliyevuliwa mzigo, huku moyoni akijua amemdanganya.

Ukweli ni kwamba alikuwa akimsikiliza mwalimu huyu tangu muhula uliopita. Wakati huo alinunua laini ya pili ya simu, na Ijumaa ya kwanza tu ukaingia ujumbe wa sauti: "Wazazi wapendwa, habari za Ijumaa. Wiki hii tumejifunza nya, nye, nyi. Mkisikia mtu anawalilia nyau nyumbani, msiogope, ni masomo. Tumeotesha maharage kwenye makopo. Ya wengine yameota, ya wengine yanafukuliwa kila saa kuangaliwa kama yameota. Jino moja liling'oka, limepatikana. Wiki ijayo tutahesabu vifungo. Tafadhali, wasikate vya mashati yao."

Fundi alijua ujumbe haukuwa wake. Laini ile ilishawahi kuwa ya mtu mwingine, ikakaa bila kutumika hadi kampuni ikaiuza upya. Aliandika, "Samahani, umekosea namba," akayatazama maneno yale, akafuta bila kutuma. Ijumaa iliyofuata akafuta tena. Alikuwa mtu wa kufanya kazi peke yake, ndani ya mashimo ya lifti na vyumba vya mashine. Wazazi wake walikufa akiwa mdogo, akalelewa na dada yake, ambaye mpaka leo humpigia kila siku kumuuliza kama amekula. Zile habari za maharage na meno zilimpa kitu cha kungojea wiki nzima.

Baada ya siku ile ya lifti, mapenzi yao yalikua kwa simu.

"Bwana Lifti, uko wapi?"

"Kati ya ghorofa ya nne na ya tano."

"Unaning'inia?"

"Nakuwaza. Ni kitu kile kile."

"Acha uongo wako, shika kamba vizuri!"

"Nimeishika, mpenzi. Mkono mmoja kamba, mkono mmoja wewe."

Masomo yakiisha walikutana kwenye mgahawa mdogo karibu na shule, fundi akiwa amevaa shati lililopigwa pasi hadi likang'aa, mwalimu akiwa na chembe za chaki kwenye nyusi. Hapo ndipo mchana mmoja mwalimu alipofungua moyo.

"Kuna mzazi mmoja ananikera, sikufichi. Mama yake Kidoti. Ni nesi wodi ya wajawazito, hospitali kuu. Kila Ijumaa anasikiliza ujumbe wangu, naona kabisa umefunguliwa, lakini hajibu hata asante. Tulikuwa na siku ya watoto kuwasomea wazazi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kidoti alisoma ukurasa mzima akitazama mlango."

Kijiko cha fundi kilibaki hewani.

"Mbona umeacha chai?"

"Nimekumbuka kazi," alisema, akainuka kabla chai haijapoa.

Alitembea mitaa miwili bila kujua anakokwenda. Mtoto alitazama mlango kwa sababu yeye, mtu mzima, alipenda kusikiliza sauti ya mwanamke. Akasimama kando ya kibanda cha magazeti, akatoa simu ampigie mwalimu amweleze yote. Alibonyeza kwa haraka. Hakuangalia ni laini gani inapiga.

Kwenye simu ya mwalimu likatokea jina: Mzazi wa Kidoti.

"Haloo, mzazi wa Kidoti! Leo tumekukumbuka?"

"Mpenzi, ni mimi. Kuna jambo..."

Mwalimu akasema polepole, "Wewe?"

"Nisikilize kwanza..."

"Kumbe una mtoto darasani kwangu. Una mke, tena namsema mbele yako na wewe unakunywa chai!"

"Hapana, mpenzi, siyo..."

Simu ikakatwa. Alipojaribu tena, mwalimu alikuwa amezifungia laini zake zote mbili.

"Umekula?" dada yake alimuuliza jioni ile kama kawaida.

"Sijala, dada. Nimeharibu." Akamsimulia.

"Basi usianze na huyo mwanamke," dada akasema. "Anza na yule mama. Yeye ndiye uliyemnyima kitu."

Kesho yake asubuhi fundi alikwenda hospitali kuu zamu zilipokuwa zikibadilishana, akamuulizia mama Kidoti wodi ya wajawazito. Alimkuta nesi anatoka, viatu mkononi, macho mekundu ya kukesha.

"Dada, samahani. Nimekuwa nikipokea habari za mwanao."

"Habari gani? Wewe nani?"

Alipomaliza kueleza yote, hata kwamba mwalimu alimdhania mume wake, nesi alikuwa ameweka mikono kiunoni. "Namba mpya niliipeleka mwenyewe ofisini kwao! Nikangoja, kimya. Nikadhani mwalimu hana haja na mzazi wa zamu za usiku. Mtoto kaninunia wiki nzima, kumbe kulikuwa na siku ya kusoma na mimi sijui! Ungejibu tu, kaka. Maneno mawili: si mimi."

"Niliyameza, kwa kuwa nilitaka kuendelea kumsikia. Kosa ni langu. Nisamehe." Akamnyooshea simu. "Sijafuta hata moja. Zote ni zako."

Nesi alikaa kwenye benchi la korido. Mwanzoni alisikiliza kwa uso mgumu. Ilipofika nyau akaguna. Kwenye maharage yaliyofukuliwa akasema, "Huyo ni wangu, namjua." Kisha sauti ya mwalimu ikasema, "Kidoti amemfundisha mwenzake kufunga kamba za viatu, akamsubiri hadi akaweza," na nesi akajifunika uso kwa mikono.

"Haya," alisema baadaye, akivaa viatu. "Hasira ninayo bado. Lakini asante kwa kuja mwenyewe. Twende shuleni."

Fundi alibaki nje ya geti. Nesi aliingia na sare yake mpaka mlangoni mwa darasa la kwanza.

"Mwalimu, yule bwana aliyeko getini si mume wangu," alianza. "Mume wangu ni mfupi na ana kelele."

Mwalimu alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Mwisho akashika mkono wa nesi. "Mimi nilikuhukumu kwa kutazama simu. Sikukupigia hata mara moja, wala sikuuliza ofisini. Nisamehe, mama Kidoti."

Kidoti alikuwa ameshamwona mama yake. Alikuja mbio na kitabu, akapanda kiti bila kuitwa, akasoma ukurasa ule ule kwa sauti ya kusikika barabarani. Safari hii hakutazama mlango. Wenzake walipiga makofi kabla hajamaliza, akawakatisha: "Bado! Kuna mstari mmoja!"

Saa ya mapumziko mwalimu alitoka getini.

"Ungeniambia siku ile ile kwenye lifti."

"Niliogopa ungeondoka."

"Nikaondoka hata hivyo."

"Na nikaona inavyouma." Fundi alitazama chini. "Sikuja kujitetea. Nimekuja kukushukuru. Nilikuwa nikimaliza wiki nzima bila mtu wa kuzungumza naye. Wewe hukujua, lakini ulinitunza."

Mwalimu alitoa simu yake, akalifuta jina la Mzazi wa Kidoti kwenye ile namba, akaandika jingine bila kumwonyesha. "Habari za darasa langu hupati tena kwa simu. Ukitaka kujua wiki yetu ilikuwaje, utakuja uniulize uso kwa uso."

"Nikitaka kuuliza kila siku?"

"Kila siku? Labda tuwe tunaishi nyumba moja."

Alisema kwa utani, lakini fundi hakucheka. "Basi nipe siku nije kwenu na dada yangu."

Mlinzi wa geti alijifanya anasafisha kufuli. "Jumamosi," mwalimu alisema. "Mama huwa nyumbani Jumamosi. Na usiache shati lile la pasi."

Fundi alimpigia dada yake pale pale. Kelele za furaha zilisikika hadi mlinzi akaacha kufuli lake. Mwalimu akaichukua simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Asante. Asante sana."

"Asante ya nini, dada?"

"Huyo nimempenda peke yangu miaka yote," dada alisema. "Sasa tumekuwa wawili."