Pindo la Gauni la Winifred

Gauni lilikuwa halikauki. Jua la Agosti lilikuwa limeyakausha mavazi yote ya kuogea nyuma ya vibanda vya magurudumu vya kubadilishia nguo ambavyo Keziah Pummery aliwakodisha wanawake waliokuja kuoga baharini. Lakini lile la sufu ya buluu, lenye kola ya kibaharia, lilizidi kudondosha maji, na lilinuka mwani uliooza.

Keziah alijua lilivaliwa na nani mara ya mwisho. Kiangazi kilichopita mke wa kasisi alilalamika kwamba sketi zinaelea na miguu inaonekana. Keziah, hodari wa kujipendekeza kwa wakubwa, akashonea kwenye mapindo vipande vya risasi, vile vya kuzamishia nyavu. Mwalimu mmoja kijana, Winifred, akamwambia gauni linamvuta chini. Keziah akamcheka.

"Uzito ndio heshima, binti."

Winifred alitolewa majini amekufa. Gauni likafuliwa, likarudishwa kambani, maana Keziah hatupi sufu nzuri. Roho mbaya gani hiyo!

Bintiye Lettice, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashika wanawake mkono mawimbini, hakuambiwa kitu. Asubuhi hiyo ya Agosti vazi lake lilichanika, akalivaa lile la buluu, bichi hivyo hivyo.

Keziah alisikia wanawake wamenyamaza ghafla. Alipochungulia alimwona mwanawe kwenye maji ya magoti, bahari imetulia tuli, naye anazama polepole, kiuno, kifua, kidevu, mchanga unammeza, na Keziah akajitupa majini na mkasi wake, akapapasa pindo, akahisi vidole vya baridi vikivibana vyake, akakata hivyo hivyo, nyuzi na nyama yake mwenyewe, mpaka risasi zikaanguka na Lettice akaibuka akitapika maji ya chumvi.

Gauni lilichomwa moto mchana uleule. Keziah alilia kwa furaha, mkono umefungwa kitambaa.

Jioni alimkuta bintiye kando ya meko, amevaa nguo kavu za nyumbani, anashona. Chini ya kiti palikuwa na dimbwi la maji. Chumba kizima kilinuka mwani.

"Unashona nini, mwanangu?" alinong'ona.

Lettice aliinua sketi nyeusi ya mama yake, ile ya kuendea kanisani. Pindo lilining'inia kwa uzito.

"Uzito ndio heshima," alisema, na sauti haikuwa yake. "Vaa, mama. Twende tukaoge."