Krimu Kwenye Chupa za Theluji

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika maabara moja ya mji wa Eagan, mpimaji Mohamed alifungua chupa ya theluji iliyoletwa kutoka Aktiki akakuta krimu nyeupe ndani ya kifuniko. Akaendelea na nyingine, akapima. Zebaki, ile metali ya sumu, ilikuwa imepanda mno.

Saa nne, Euphrasie, mwosha chupa, alishanyang'anywa kadi ya mlango. Rigobert, mtaalamu wa hesabu za kompyuta, alikuwa ametoa kabatini mwa Euphrasie krimu ya kung'arisha ngozi. Krimu za namna ile huwekwa zebaki.

Mpelelezi Philister aliwahoji mmoja mmoja. Kasika, aliyeileta theluji, aligombana na Mohamed wiki iliyopita, lakini tangu Ijumaa, chupa zilipoonekana safi mara ya mwisho, alikuwa mji wa Anoka akimuuguza mama yake, na majirani walimwona. Euphrasie alikiri krimu ni yake, ya kujiandaa kwa harusi, na kazini huiweka tu, hajawahi kuipaka. Aliyeijua ni Rigobert tu, mwenzake anayempa lifti. Rigobert alimtania kwamba anataka kuwa Mzungu kabla baridi haijaisha.

Mwishowe Mohamed alimvuta Philister pembeni. Zilizochafuliwa ni chupa za theluji ya pwani peke yake; za bara hazikuguswa. Kipimo cha kwanza cha pwani kilikuta zebaki kidogo, kinyume na hesabu ya Rigobert iliyotabiri nyingi, na cha pili kilikuwa kifanyike leo. Philister akamwambia asimwambie mtu.

Saa tisa aliwaita wote. Akasema theluji yote itamwagwa na Euphrasie anafutwa kazi leo.

"Msimwage yote," Rigobert alisema. "Ile ya bara ni safi."

"Nani kakwambia?"

Philister alimsogelea.

"Mkono wenye krimu haungechagua chupa, bwana. Wewe uliziacha zilizokubaliana na kompyuta yako."

Ndipo Rigobert akaeleza. Majira ya kuchipua, zebaki hushuka kutoka hewani ikatua kwenye theluji, kisha jua huirudisha nyingine juu. Ni kiasi gani hubaki na kuingia baharini, hakuna anayejua vizuri. Yeye alikisia, na kwa kisio hilo watu wa pwani ile walikatazwa nyama ya sili, mnyama wa bahari ile.

"Miaka sita nimewaambia nina uhakika," alisema. "Leo ningewaambia nini?"

"Kwamba hujui," Philister alisema.

Euphrasie alipokea kadi yake bila kumtazama Rigobert. Akamgeukia Mohamed.

"Sasa wale watu, wale sili au wasile?"

Mohamed aliitazama friza yenye chupa zilizoharibiwa. Alisema itabidi wangoje theluji ya mwakani.