Uso wa Mama Katika Mti wa Mfenesi

Datu alimpelekea mama yake kahawa chumba cha kusini, akamwambia kama kila siku, "Mama, amka unywe." Sauti iliyojibu "Ahsante" ilitoka chini ya nyumba.

Huko chini alikuwapo kaka yake, Palimbong, na sanamu ya mama yao aliyokuwa akiichonga. Mama mwenyewe hakuwa amesema neno miaka miwili, tangu alipokata pumzi. Ila kwa desturi ya Toraja, mtu ambaye hajazikwa huhesabiwa mgonjwa tu, hupewa chakula na kuongeleshwa. Mazishi yangekuwa Alhamisi. Siku hiyo roho ingeingia katika sanamu. Ikikosa pa kuingia, ingetangatanga milele.

"Umesema wewe?" Datu alichungulia ngazini.

"Mimi na sauti ya kike, tangu lini?" Palimbong alicheka, lakini alijisogeza mbali na sanamu.

Mjomba Masangka, aliyemfundisha kuchonga, aliitwa. Aliinusa sanamu. Ilinuka udongo wa pangoni, wanakozikwa wafu.

"Mti huu uliuchinjia nguruwe kabla ya kuukata?"

"Mjomba, nimesomea Java miaka minne. Nilifundishwa kupima mfupa wa shavu, si kuchinja nguruwe."

"Na kufananisha hivi ndiko ulikofundishwa, bwana msomi? Mimi huacha sikio moja kombo, roho ijue hii ni nyumba tu, si mtu. Ulipomaliza uso, uliiambia nini?"

Palimbong aliinamisha kichwa. Ukweli usemwe: alikuwa na hamu na mama yake. "Nilisema, 'Mama.'"

"Basi kuna kitu kimeitika. Haribu huo uso! Upesi!"

Palimbong akakata shavu, na shavu likapata kikunjo ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekisahau, akakata mdomo auvuruge, ukapinda vile vile mama alivyoupinda akimkaripia, na kadiri alivyokata, mikono ile iliyofunzwa miaka yote kutokosea haikukosea hata mara moja, mpaka vipande vikamjaa magotini, harufu ya pango ikazidi, macho ya mbao yakalowa, na mjomba akawa anasihi, "Acha, mwanangu, acha, unakimalizia!"

Patasi ikaanguka.

"Panda juu," mjomba alinong'ona. "Mwite sikioni. Kama bado yupo, shuka litatikisika."

Palimbong akapanda mbio, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye sikio baridi la mgonjwa.

"Mama. Mama, ni mimi."

Shuka halikutikisika.

"Naja, mwanangu," sauti ikajibu kutoka chini, na ngazi ikaanza kulia, kidato baada ya kidato.